Jina Limebaki, Picha Zimekwenda

Babu yangu alitoka Kitulo akaenda manamba Tanga, kukata mkonge. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyezaliwa mwaka 1932, naye alipitia mkonge wa Tanga kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Ndiyo sababu, nilipokuwa Dar mwezi uliopita, nikapanda daladala hadi Oysterbay, kwa wachoraji wanaobeba jina lake.

Nilidhani naenda makumbusho ya mtu mmoja. Kumbe ni karakana. Chui, tausi na mibuyu vimejaa ukutani, rangi inanuka, vijana wameinamia kazi.

"Kaka, za mzee mwenyewe ziko wapi?"

Akacheka. "Za mzee ziliuzwa zamani, ndugu yangu. Wazungu walizibeba."

Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968, kwenye vibao vya silingibodi, kwa rangi za baiskeli. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu. Miaka minne tu! Lakini alikuwa ameshawafundisha ndugu zake, akina Simon Mpata na Ajaba Abdallah, nao wakafundisha wengine.

Babu naye hakuacha hata picha moja ya Tanga. Aliacha fundo la kamba ya mkonge, ambalo baba alinifundisha, na hadi leo tunafungia magunia ya viazi.

Kwa hiyo ufundi haukupotea. Ila inaniuma: mtoto wa Makambako akitaka kuona mkono wa mzee mwenyewe, apande ndege?