Mgomo wa Walimu wa Shule za Umma: Nafasi ya Mlipa Ushuru

Mgomo wa walimu husimuliwa kana kwamba una pande mbili tu: chama cha walimu upande huu, serikali upande ule. Mzazi hutajwa kwa huruma, mtoto hutajwa kwa masikitiko, kisha macho ya wote hurudi kwa wale walioketi mezani. Makala haya yanamhusu mtu ambaye haketi mezani, ilhali ndiye atakayelipa chochote kitakachotiwa sahihi hapo. Huyo ni mlipa ushuru. Kwa kuwa Jumapili mlipa ushuru huyo huketi benchi moja na mwalimu, na mara nyingi ni mwalimu mwenyewe, suala hili linatuhusu sisi waamini kabla halijawahusu wanasiasa.

Mkataba hufikiwa vipi

Nchini Kenya, Ibara ya 41 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na haki ya kugoma, na inavipa vyama na waajiri haki ya kujadiliana kwa pamoja. Walimu wa shule za umma huajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC, iliyoundwa mwaka 1967 na ambayo sasa inatambuliwa na Ibara ya 237. Wanaozungumza kwa niaba yao ni KNUT, chama kilichoanzishwa mwaka 1957, KUPPET ambacho ni cha walimu wa shule na vyuo vya baada ya msingi, na KUSNET cha walimu wa wanafunzi wenye mahitaji maalumu.

Chama huwasilisha mapendekezo yake, TSC huyajibu, na kabla fedha hazijakubaliwa Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC, hutoa ushauri wake. Ibara ya 230 inaitaka tume hiyo kwanza kabisa ihakikishe kwamba jumla ya malipo ya watumishi wa umma ni mzigo ambao nchi inaweza kuubeba. Mkataba ukishatiwa sahihi husajiliwa katika mahakama inayoshughulikia ajira na leba, na hapo ndipo huanza kutumika kisheria. Mzozo ukizuka, sheria inataka upatanisho ujaribiwe kwanza, kisha chama kitoe ilani ya maandishi ya siku 7. Sheria ya Mahusiano ya Leba ya mwaka 2007 inakataza migomo katika huduma za lazima kama vile hospitali, maji na uzimaji moto. Ualimu haumo katika orodha hiyo.

Katika safari hiyo yote, Bunge bado halijatajwa. Wawakilishi wa mlipa ushuru huingia mwishoni, mkataba ulipokwisha kutiwa sahihi, wakiombwa kuidhinisha fedha za ahadi ambayo hawakuitoa. Kwa maoni yangu, migomo yetu mingi huzaliwa katika pengo hilo kati ya sahihi na bajeti.

Ahadi ya mwaka 1997

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Oktoba 1997. Walimu waligoma miezi miwili hivi kabla ya uchaguzi mkuu, na serikali ikakubali kuwaongezea mishahara kwa kati ya asilimia 150 na 200, nyongeza hiyo ilipwe kwa awamu katika miaka mitano. Ilani ya Kisheria nambari 534 ya mwaka huo iliainisha pia marupurupu yao. Awamu ya kwanza ililipwa. Uchaguzi ulipopita, serikali ilisema haina fedha. Walimu waligoma tena mwaka 1998, wakagoma tena mwaka 2002, na ilikuwa mwaka 2003, chini ya serikali mpya, ndipo mpango mwingine wa kulipa salio kwa awamu ulipokubaliwa. Hata hivyo hadithi haikwisha: mgomo ulioanza Juni 2013 na kudumu zaidi ya wiki tatu ulihusu marupurupu ya ilani ile ile. Mtoto aliyezaliwa siku mkataba ulipotiwa sahihi alikuwa tayari na umri wa kusoma shule ya upili.

Ni rahisi kuwalaumu walimu kwa kudai asilimia 200, na ni rahisi vilevile kuwalaumu walioahidi wakijua kura zinakaribia. Lakini aliyekuwa mlipa ushuru wakati huo naye ajiulize: ni nani alimwambia gharama ya ahadi ile, naye aliuliza?

Mwaka 2015 mambo yalichukua sura nyingine. Mwezi Juni mahakama ya leba iliamuru walimu waongezwe mishahara kwa asilimia 50 hadi 60. Serikali ilisema haiwezi kulipa. Walimu wakagoma mwanzoni mwa muhula wa tatu, na mwezi Septemba serikali ikaamuru shule zote zifungwe, za umma na za binafsi. Mgomo ulisitishwa kwa amri ya mahakama, na tarehe 6 Novemba Mahakama ya Rufaa ikabatilisha nyongeza ile. Ilibidi pande zote zirudi mezani, na Oktoba 2016 zikatia sahihi mkataba wa miaka minne, 2017 hadi 2021, uliogharimu shilingi bilioni 54. Ulikuwa mdogo kuliko ule walioupigania mahakamani, lakini ulikuwa umepangiwa fedha zake.

Kwa nini mgomo huu ni tofauti

Kiwanda kikisimama, mwenye kiwanda hupoteza faida kila siku, na hasara hiyo ndiyo inayomfanya asikilize. Shule ya umma ikifungwa, Hazina ya Kitaifa haipotezi hata senti; ushuru huendelea kukusanywa kama kawaida. Shinikizo lote hupitia kwa mtoto, kutoka kwa mtoto huenda kwa mzazi, na kutoka kwa mzazi huenda kwa mwanasiasa anayeogopa kura. Tena si kila mtoto. Mwenye uwezo wa kulipa karo ya shule ya binafsi kwa kawaida huendelea na masomo. Wa maskini hubaki nyumbani.

Wakati wa mgomo ule wa 2015 nilikuwa paroko msaidizi katika parokia ya mashambani. Katika wiki za mwanzo, watahiniwa wa darasa la nane walikuja kujisomea katika ukumbi wa parokia. Mwalimu wao wa hesabu, ambaye ni mwanakwaya, alikuja pia, akaketi nyuma bila kushika chaki. Nilipomuuliza, alinijibu kwamba akifundisha atakuwa amewasaliti wenzake, na akibaki nyumbani atakuwa amewasaliti watoto. Basi aliketi pale hadi jioni. Sikuwa na neno la kumwambia, nami nilikuwa nimesoma teolojia ya maadili kwa miaka kadhaa.

Kanisa linafundisha nini

Tangu waraka wa Papa Leo XIII, Rerum Novarum, wa mwaka 1891, Kanisa limetetea ujira wa haki na haki ya wafanyakazi kuungana. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes ya mwaka 1965, namba 68, uliutambua mgomo kuwa njia inayoweza kuhitajika hata leo, lakini ikiwa ya mwisho, baada ya mazungumzo kushindikana. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2435, inaueleza mgomo kuwa halali kimaadili pale usipoweza kuepukika, au unapohitajika ili kupata faida inayolingana na madhara yake. Uhalali huo hupotea unapoambatana na ghasia, unapotumikia malengo yasiyohusu hali ya kazi, au unapopingana na manufaa ya wote.

Kuhusu ujira wenyewe, namba 2434 ina jambo ambalo mara nyingi hatulisikii: makubaliano ya pande mbili peke yake hayatoshi kuufanya ujira uwe wa haki. Mahitaji ya mfanyakazi na mchango wake vyote viangaliwe. Mwalimu kijana aliyekubali mkataba wa mafunzo kazini kwa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi, kama walivyokubali maelfu ya walimu wa sekondari msingi, hakufanya malipo hayo kuwa ya haki kwa sababu tu alitia sahihi. Alitia sahihi kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine. Walimu hao waligoma mwaka 2024, na kisa chao kilifika mahakamani.

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, anatupatia dhana inayofaa sana hapa. Katika namba 17 anatofautisha mwajiri wa moja kwa moja, yaani yule anayeandika mkataba, na mwajiri asiye wa moja kwa moja, yaani watu, taasisi na taratibu zinazoweka mipaka ya kile ambacho mwajiri wa kwanza anaweza kukifanya. Papa alikuwa akifikiria hasa dola na mahusiano ya uchumi kati ya mataifa. Mimi nadhani si kosa kuinyoosha dhana hiyo kidogo. Mwajiri wa moja kwa moja wa mwalimu ni TSC. Nyuma ya TSC kuna Hazina, nyuma ya Hazina kuna Bunge na wakopeshaji, na nyuma ya Bunge kuna sisi tunaolipa ushuru na kupiga kura. Kama mwalimu wa mtoto wangu analipwa chini ya haki, siwezi kunawa mikono nikisema mimi si mwajiri wake.

Dhana hiyo inakata pande zote. Katekisimu, namba 2409, ikieleza amri ya saba, inataja malipo yasiyo ya haki miongoni mwa njia za kutwaa mali ya wengine. Katika namba hiyo hiyo inataja kazi iliyofanywa vibaya, ukwepaji wa ushuru, na ubadhirifu. Mfanyabiashara anayeandika risiti mbili, moja ya mteja na moja ya mkaguzi, halafu akalalamika kwamba walimu wanagoma, na ajisome hapo. Mwalimu ambaye mshahara huingia naye haingii darasani, ajisome pia. Mwalimu mwaminifu, kwa upande wake, hana pa kujificha hata angetaka: ushuru wake hukatwa kabla mshahara haujamfikia.

Mwaka mlipa ushuru alipokataa

Mkataba wa 2021 hadi 2025 ulipotiwa sahihi Julai 2021 haukuwa na nyongeza ya mshahara. Agosti 2023 ulirekebishwa, walimu wakaahidiwa nyongeza ya kati ya asilimia 7 na 10 kwa awamu mbili, ya pili ianze Julai 2024. Katikati ya hapo mshahara uliguswa na makato mapya, ukiwemo Ushuru wa Nyumba wa asilimia 1.5. Kisha ukaja Mswada wa Fedha wa 2024. Vijana waliandamana kuupinga, damu ikamwagika, na tarehe 26 Juni Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Bajeti ilipunguzwa, na fedha za awamu ya pili ya walimu zikatiliwa shaka. Mwishoni mwa Agosti KUPPET kiligoma kwa muda wa wiki moja hivi.

Sisemi kwamba waandamanaji ndio waliowanyima walimu. Walikuwa wakiuliza ushuru waliokwisha kuulipa ulikwenda wapi, na swali hilo ni la haki. Nasema tu kwamba kulikuwa na nyumba ambazo mwana alikuwa barabarani akiupinga mswada mwezi Juni, na mama, mwalimu, alikuwa mgomoni mwezi Agosti. Wote wawili walikuwa na hoja, na hakuna kikao chochote kilichowahi kuzisikiliza hoja hizo mbili kwa pamoja.

Mlango uliopo

Wapo wanaopendekeza mlipa ushuru apewe kiti katika mazungumzo yenyewe. Siafiki. Ujira wa haki haupaswi kuamuliwa kwa makofi ya umati, na meza ya mazungumzo ingegeuka jukwaa la siasa. Linalohitajika ni kwamba gharama ya mkataba, mwaka kwa mwaka, itangazwe kabla ya sahihi na si baada yake, na kwamba Hazina iseme waziwazi fedha zitatoka wapi.

Mlango wa mlipa ushuru uko kwenye bajeti. Ibara ya 201 ya Katiba inataka uwazi na ushiriki wa wananchi katika fedha za umma. Ibara ya 221 inataka makadirio ya matumizi yafike katika Bunge la Kitaifa angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kwisha, yaani kufikia 30 Aprili, na inailazimu kamati ya Bunge inayoyachunguza kutafuta maoni ya wananchi na kuyazingatia. Maoni hayo yanaweza kuandikwa na mtu mmoja, au na Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo iliyokaa jioni moja ikasoma ukurasa wa TSC na kuuliza jambo moja: je, fedha za mkataba uliokwisha kutiwa sahihi zimo? Kila Jumuiya ina angalau mwalimu mmoja anayeweza kuwasaidia wenzake kuusoma ukurasa huo.

Bila swali hilo, madeni hulala. Septemba 2025 wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma waliacha kufundisha kwa takriban wiki saba wakidai fedha za mkataba wa 2017 hadi 2021, mkataba uliokuwa umekwisha muda wake wakati wanafunzi wao wengi wakiwa bado shule ya upili.

Walimu wa shule, kwa sasa, wana mkataba mpya wa 2025 hadi 2029, uliotiwa sahihi Julai 2025 kwa gharama ya shilingi bilioni 33.8. Fedha zake zitaombwa tena Bungeni kila Aprili hadi utakapokwisha.