Nyota Uhura: Jina la Kiswahili lililodumu kwa nguvu ya mashabiki

USIKU wa Septemba 8, 1966, watazamaji wa televisheni nchini Marekani walisikia Kiswahili kikizungumzwa ndani ya chombo cha anga. Katika sehemu ya kwanza ya tamthilia ya Star Trek kuonyeshwa na kituo cha NBC, kiumbe mwenye uwezo wa kujigeuza alichukua sura ya mwanamume mweusi, akamwendea ofisa wa mawasiliano wa chombo hicho, Luteni Uhura, na kumsemesha kwa lugha ya kwao.

Leo jina kamili la mhusika huyo, Nyota Uhura, linafahamika kwa wapenzi wa hadithi za kubuni za kisayansi katika nchi nyingi. Majina yote mawili yana asili ya Kiswahili, na yote mawili yalipitia kwanza vitabuni. Hata hivyo, huenda yangesahaulika mapema endapo mashabiki wasingesimama kidete wakati tamthilia hiyo ilipokaribia kuzimwa.

Uhuru kutoka kitabuni

Mwigizaji Nichelle Nichols, aliyekuwa wa kwanza kuigiza nafasi hiyo, alieleza kwamba siku alipokwenda kufanyiwa usaili alikuwa amebeba riwaya iitwayo Uhuru. Kitabu hicho cha mwandishi Mmarekani Robert Ruark kilichapishwa mwaka 1962, nacho kinahusu Kenya ya siku za mwisho za ukoloni. Mazungumzo juu ya kitabu hicho yalimvutia mbunifu wa tamthilia, Gene Roddenberry. Neno hilo lilipobadilishwa herufi ya mwisho ili lisikike kama jina la mwanamke, likawa Uhura.

Lilikuwa neno zito kwa wakati ule. Tanganyika ilikuwa imejipatia uhuru mwaka 1961, Uganda mwaka 1962 na Kenya mwaka 1963, huku Wamarekani weusi wakiendelea kupigania haki zao za kiraia. Kumwonyesha mwanamke mweusi akiwa ofisa mwenye cheo, na si mtumishi wa ndani, lilikuwa jambo geni katika televisheni ya nchi hiyo.

Pamoja na hayo, Nichols alikusudia kuacha kazi baada ya msimu wa kwanza ili arejee kwenye uigizaji wa jukwaani. Kwa mujibu wa maelezo yake, katika hafla ya chama cha NAACP aliambiwa kuwa kuna shabiki anayetaka kumwona. Shabiki huyo alikuwa Dk. Martin Luther King Jr. Kiongozi huyo alimsihi asiondoke, kwa kuwa nafasi yake iliwaonyesha watu weusi kuwa binadamu sawa na wengine, wenye akili na heshima. Nichols akabadili uamuzi.

Barua zaidi ya laki moja

Hatari iliyofuata iliikabili tamthilia yenyewe. Star Trek haikuwa na watazamaji wa kutosha kuwaridhisha wakuu wa NBC, na kuelekea mwishoni mwa mwaka 1967 zilienea habari kuwa isingepewa msimu wa tatu.

Mashabiki walioinuka kuitetea hawakuanzia patupu. Tangu mwaka 1926, Hugo Gernsback alipoanzisha jarida la Amazing Stories, wasomaji wa hadithi za kisayansi walikuwa na mazoea ya kujadili vitabu kwa barua. Jarida hilo lilichapisha barua za wasomaji pamoja na anwani zao, nao wakaanza kuandikiana wao kwa wao, kisha wakaunda vilabu na kutoa vijarida vyao. Mwaka 1939 walifanya mkutano wao wa kwanza wa dunia mjini New York. Roddenberry aliitambua nguvu hiyo mapema. Siku chache kabla ya tamthilia yake kuanza kurushwa, aliipeleka kwenye mkutano wa mashabiki hao mjini Cleveland ili waione kwanza.

Kampeni ya kuinusuru iliongozwa na wanandoa Bjo na John Trimble wa California, ambao wote walikuwa wenyeji katika mikutano hiyo. Utaratibu wao ulikuwa rahisi: kila aliyepata ujumbe aliombwa aandike barua, kisha awahimize watu wengine kumi kuandika, nao wafanye vivyo hivyo. Walisisitiza barua za mtu binafsi kwa maneno yake mwenyewe badala ya orodha za saini. Aidha, Januari 1968 wanafunzi wa chuo cha Caltech waliandamana hadi ofisi za NBC mjini Burbank.

Kwa hesabu ya NBC yenyewe, barua zilizidi 100,000. Machi 1, 1968, mara baada ya kipindi kumalizika, kituo hicho kiliwatangazia watazamaji hewani kuwa Star Trek ingeendelea.

Ushindi huo haukuwa kamili. Tamthilia ilihamishiwa saa nne usiku siku ya Ijumaa, wakati ambao vijana wengi hawakuwa nyumbani, na bajeti yake ikapunguzwa. Sehemu yake ya mwisho ilionyeshwa Juni 3, 1969.

Hata hivyo, msimu huo uliopatikana kwa barua ulikuwa na faida mbili kubwa. Kwanza, ndimo lilimoonyeshwa, Novemba 22, 1968, busu la Uhura na Kapteni Kirk, mojawapo ya mabusu ya kwanza kati ya mwanamke mweusi na mwanamume mzungu katika televisheni ya Marekani. Pili, idadi ya sehemu zote ilipanda kutoka 55 hadi 79, akiba iliyoviwezesha vituo vidogo nchini humo kuirudia tamthilia kila siku katika miaka ya 1970.

Marudio hayo yaliongeza mashabiki kuliko walivyokuwa mwanzo. Januari 1972 waandaaji wa mkutano wa wapenzi wa Star Trek mjini New York walitarajia watu mia kadhaa, wakafurika maelfu. Mwaka 1976 barua za mashabiki kwa Rais Gerald Ford zilifanya chombo cha kwanza cha anga aina ya shuttle kipewe jina la Enterprise, sawa na kile cha kwenye tamthilia. Chombo hicho kilitumika kwa majaribio tu na hakikupata kwenda angani.

Shabiki ampa jina la kwanza

Kwa miaka yote hiyo Uhura hakuwa na jina la kwanza. Alikuja kulipata kutoka kwa shabiki. Mwandishi na mchoraji William Rotsler, aliyekuwa mkongwe katika jumuiya ya wapenzi wa hadithi za kisayansi, alipokuwa akiandaa kitabu cha wasifu wa wahusika kilichotoka mwaka 1982, alichagua neno la Kiswahili, nyota. Roddenberry na Nichols waliliafiki.

Jina hilo liliendelea kutumika katika riwaya za Star Trek kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kutamkwa katika filamu ya mwaka 2009, ambamo Uhura aliigizwa na Zoe Saldaña. Katika filamu hiyo Kirk anahangaika kulijua jina hilo, naye Uhura anamnyima. Wasomaji wa vitabu walikuwa wakilijua siku nyingi.

Nichols mwenyewe alitumia umaarufu wake kulisaidia shirika la anga la Marekani, NASA, ambalo kuanzia mwaka 1977 lilimtumia kuwahamasisha wanawake na watu weusi kuomba nafasi za uanaanga. Mae Jemison, aliyekuwa mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani Septemba 1992, alikulia akimtazama Uhura kwenye televisheni. Mwaka uliofuata alialikwa kuigiza katika Star Trek: The Next Generation.

Nichols alifariki dunia Julai 30, 2022, akiwa na umri wa miaka 89. Mwaka huohuo tamthilia mpya, Star Trek: Strange New Worlds, ilianza kuonyeshwa ikiwa na Uhura kijana mwenye asili ya Kenya, anayeigizwa na Celia Rose Gooding. Safari hii jina lake la kwanza lilijulikana tangu mwanzo.