Jeneza Likirudi Tupu

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja nilipobeba jeneza kwa mara ya kwanza, nalo lilikuwa tupu.

Tulimzika jirani yetu wa mtaa wa Langoni, fundi wa mashua, baada ya sala ya alasiri. Wakati wa kwenda sikupata hata kuligusa. Kila mtu alitaka bega lake lipate hatua tatu nne kabla ya kupokewa, kwa kuwa kumsindikiza maiti kuna thawabu zake. Katika vichochoro vya Amu, ndio Lamu, ambamo punda wawili wenye mizigo hawapishani mpaka mmoja asubiri, jeneza lilipita mabegani mwa watu kwa kasi, na sisi watoto tukajibana ukutani. Makaburini maiti akateremshwa, mchanga ukarudishwa, talkini ikasomwa, dua ikaitikiwa. Watu wakawapa wafiwa mikono, wakashika njia. Magharibi ilikuwa karibu.

Jeneza lilibaki kando, shuka yake imekunjwa juu yake.

Babu akaniita. "Ndoo huku," akasema kwa Kiamu chetu, "na mwenzako." Yeye na kijana mmoja aliyekuwa amegeuka nyuma akatuona wakashika mbele, mimi na binamu yangu tukashika nyuma. Mbao zilinichoma begani, na njia nzima hapakuwa na wa kutupokea. Tulipofika msikitini babu hakulitua akaenda zake. Alichota maji kwa kata, akaiosha miguu ya jeneza iliyoshika mchanga, akapitisha kidole kwenye viungo vya mbao, mahali ambapo mchanga hujificha, kisha akaifuta mikono yake ya kubebea, ambayo ilikuwa imelainika kwa viganja vya watu ambao wengi wao walikuwa wameshabebwa nalo wenyewe. Lilinukia kafuri. Akaliweka mahali pake.

"Kwenda lina wenyewe wengi," akaniambia. "Kurudi ni letu."

Jambo hilo nilikaa nalo miaka mingi bila kulifikiria sana. Lilinirudia mwaka jana nilipokuwa kwa binti yangu Mombasa. Tulikwenda kwenye supamaketi moja, na wakati yeye analipa nikatoka nje kupunga upepo. Bwana mmoja alikuja na toroli limejaa, akapakia mifuko yake garini, kisha akalisukuma toroli kwa mguu. Likaenda lenyewe, likagonga gari la mtu, likasimama katikati ya njia ambayo wazee na wenye viti vya magurudumu huipandia. Hakuangalia nyuma. Sehemu ya kuyarudishia ilikuwa hatua ishirini kutoka pale. Nilizihesabu, maana nililipeleka mimi.

Toroli ni chombo cha juzi. Sylvan Goldman, mwenye maduka katika mji wa Oklahoma City huko Marekani, ndiye aliyelianzisha mwaka 1937, kwa kukitazama kiti cha kukunja na kukitilia magurudumu na vikapu. Kwanza wateja walilikataa, hata akaajiri watu wa kujifanya wanunuzi wakawa wanalisukuma dukani ili wengine waige. Leo kuna watu huko wanaosema kulirudisha ndiko kunakompima mtu, kwa sababu ukiliacha hakuna askari atakayekukamata, na ukilirudisha hakuna atakayekulipa. Nakubaliana nao. Ila kwetu kipimo hicho ni cha kale zaidi, na historia yake si safi kama tunavyopenda kuisimulia.

Jeneza lile halikuwa la mtu. Lilikuwa wakfu, kama vilivyokuwa wakfu visima, misahafu, na masufuria makubwa ya kupikia biriani ya arusi. Amu ina misikiti zaidi ya ishirini, na kila mmoja ulikuwa na vitu vyake ambavyo watu wote walivitumia na hakuna aliyevilinda. Kata ya birikani ndiyo niijuayo zaidi. Birika zetu hujengwa kwa mawe na chokaa, na za nyumbani zamani ziliwekwa chini sahani ya kaure ya China, kimbilio la visamaki vinavyokula viluwiluwi vya mbu. Ukishatawadha, kata huirudishi popote tu. Unaipindua ili isibakishe maji, ukaiweka ukingoni, mpini ukielekea nje, apate kuishika anayekuja hata kama ni kipofu. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alikuwa kipofu. Asubuhi alinyoosha mkono mara moja tu, na ole wetu kata isiwepo.

Na sahani. Mwezi wa Ramadhani, kabla ya adhana ya magharibi, watoto wa Amu tulikuwa tukipishana milangoni na vyakula vilivyofunikwa kawa. Mama alinituma na kaimati kwa jirani mjane aliyekaa peke yake. Sahani ya mtu hairudi tupu, hilo kila mtu wa pwani alijua, na mjane yule alijua kuliko sote. Siku moja aliirudisha imeoshwa ikang'aa, na ndani yake ndimu mbili. Mama alizitazama ndimu zile kitambo, akazikamua zote mbili kwenye mchuzi usiku uleule, ingawa mchuzi ulikuwa umeshakolea. Alitaka nikimuona yule bibi kesho nimwambie kwa kweli kwamba tumezila.

Mambo haya tumezoea kuyaita uungwana. Hapo ndipo historia inapotusimamisha, kwa kuwa neno hilo halikuanza na maana ya adabu. Muungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru, wa ukoo, mwenye nyumba ya mawe, na kinyume chake hakikuwa mtu mwenye tabia mbaya, kilikuwa mtumwa. Mwanamke wa nyumba kubwa za Amu akitoka alitembea ndani ya shiraa, kitambaa kilichoshikiliwa kwa miti kila upande, na walioishika miti hiyo walikuwa vijakazi. Aliyechota maji kisimani ni mtumwa. Kwa hiyo nikisikia wazee wakisema kwamba zamani kila muungwana alirudisha chombo cha mwenzake kikiwa kisafi, najiuliza nani alikisugua na nani alikichukua njiani. Sidhani alikuwa bwana. Heshima ilikwenda kwa jina la mwenye nyumba, na mgongo uliobeba ulikuwa wa mtu asiyehesabiwa.

Mwaka 1907 serikali ya kikoloni ilifuta hali ya utumwa kisheria katika ukanda wa pwani. Nyumba nyingi za Amu zilipoteza mashamba na watumishi pamoja. Miaka hiyohiyo Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija, alikuwa anasomesha Langoni, na katika madarasa yake aliwakaribisha watoto wa wageni na wa waliokuwa watumwa, jambo lililowaudhi baadhi ya wenye mji. Msikiti wa Riyadha ulizaliwa na kazi hiyo karibu na mwaka 1900, naye akafariki mwaka 1935. Maulidi ya Riyadha mpaka leo huleta wageni kutoka pwani nzima na mbali zaidi, na ukitaka kujua mji unavyoazimana, njoo wiki ile: mikeka, mito, masinia, madele ya kahawa, vyote huzunguka nyumba kwa nyumba, kisha kwa siku kadhaa baadaye unaona watoto wakivirudisha, kila kimoja mlangoni pake.

Imani yangu ni hii: adabu ya kurudisha kwa mikono yako mwenyewe, ile niliyofundishwa na babu, ni changa kuliko nyumba zetu za mawe. Imeota pale ambapo hakukuwa tena na mtu wa kumwachia kazi. Wanaoomboleza uungwana wa zamani sioni wanaomboleza nini. Ulio bora ni huu uliokuja baada yake.

Hata hivyo kuna mwanamke mmoja wa zamani aliyelielewa jambo hili mapema, naye ni Mwana Darini wa Pate. Kisa chake kimo katika Habari za Pate, tarihi iliyosimuliwa na wazee wa ukoo wa Kinabhani na kutiwa na C. H. Stigand katika kitabu chake cha mwaka 1913. Kinahusu siwa, ile panda kubwa iliyopulizwa katika sherehe za wakuu. Panda za namna hiyo ni za kale. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498, mwandishi wa safari yake alieleza kuhusu panda mbili za pembe za ndovu, ndefu kama mtu, zenye tundu la kupulizia ubavuni. Bila siwa, sherehe ya mtu mkubwa haikuwa sherehe.

Mwana Darini alitaka kumfanyia mwanawe jando. Akaomba aazimwe siwa ya kifalme. Akanyimwa.  Alimwita fundi, Mwenyi Bayayi, akamuuliza kama aweza kutengeneza nyingine kama ile, na fundi akaichonga kwa pembe za ndovu. Mwanawe akatiwa jandoni na siwa yake mwenyewe ikilia.

Kisha inafuata sehemu ambayo mtu wa Amu hawezi kuisoma bila kuinamisha kichwa. Siwa ile ya kwanza, aliyonyimwa Mwana Darini, watu wa Lamu waliiomba wakapewa. Chombo kilichoichukua kikazama, siwa ikapotea baharini. Tuliazima, hatukurudisha. Bahari ndiyo iliyoichukua, lakini deni ni deni, na naliona kuwa letu mpaka leo.

Ikabaki ya Mwana Darini. Sasa wakubwa walimjia yeye. Angeweza kuwanyima kama alivyonyimwa, na nani angemlaumu? Alisema kila kabila litakalotoa ada yake na litumie. Siwa ikaenda na kurudi, sherehe hadi sherehe. Mtu ataniambia: huyo alitoza, kwa hiyo hana tofauti na zile toroli za Ulaya ambazo hutiwa sarafu ndipo zifunguke, na ukizirudisha unapewa sarafu yako. Naona tofauti kubwa. Sarafu ya toroli ni rehani, mtu hulirudisha kwa ajili ya sarafu yake. Ada ya siwa haikurudishwa. Aliyeirudisha siwa hakuwa na cha kupokea mlangoni kwa Mwana Darini, ila kujua kwamba wiki ijayo mtu mwingine ana mtoto wake.

Siwa hiyo ya pembe imehifadhiwa pamoja na siwa ya shaba ya Amu, na ni katika vitu vinavyojulikana zaidi vya Jumba la Makumbusho la Lamu, pale ufukoni. Niliwahi kuwapeleka wanafunzi wangu. Niliwaonyesha michoro yake, kisha nikawaambia watazame karibu na tundu la kupulizia. Sikuwaeleza kwa nini. Nilitaka waone mahali ilipopita midomo ya walioipuliza katika sherehe za koo mbalimbali.

Siku hizi vyombo vya arusi hukodishwa, na anayekodisha huchukua amana kwanza. Sahani za karatasi hazirudi kwa mtu. Sina haki ya kuwalaumu mama zetu kwa kupumzika kusugua masufuria. Lakini watu wa Amu bado hawazikani kwa gari. Jeneza bado laenda mabegani, kutoka msikitini hadi makaburini, na bado hugombaniwa.

Babu alipofariki nilikuwa mtu mzima, nimesimama kwenye mstari wa wafiwa, napewa mikono. Watu walikuwa wengi, maana aliwazika wengi. Mstari ulipokwisha nikageuka kulitafuta jeneza nilirudishe mimi, nikakuta pale lilipokuwa pamebaki alama nne za miguu mchangani. Njiani mbele yetu, mbali kidogo, vijana watatu wa mtaa na mtoto mmoja walikuwa wanakwenda nalo, mtoto ameliinulia mikono kwa sababu bega lake halijafika.

Ukija Amu, na msiba ukakukuta huko, twaa hatua zako tatu nne pamoja na watu, hapana atakayekuzuia. Ila dua ikishaitikiwa na mikono ikishapeanwa, ngoja kidogo kabla ya kushika njia, utazame jeneza limewekwa wapi. Lahitaji watu wanne.