Nakili Jirani: Neno la Kukuza Picha Bila Ukungu

Kinyonga alikuwa amechorwa kwa miraba midogo, 32 kwa upana na 32 kwa kimo, na kila mraba ulikuwa na kazi yake. Mraba mmoja mweusi ndio jicho. Michache ya kahawia mbele ya uso ndiyo pembe, maana kinyonga wa Usambara Magharibi ana pembe mbili, na bila pembe si yeye. Mchoraji, kijana wa Lushoto mjini, alitaka kumweka kifuani mwa fulana za kuwauzia wageni wanaokwenda Irente kutazama Mazinde na nyika iliyotandaa chini ya mlima. Steshenari wakamkuza ajae ukurasa mzima. Kilichotoka kwenye printa ni doa la kijani: jicho limekuwa kijivu, pembe zimeyeyuka.

"Picha imeingia ukungu," alisema mwenye mashine. Lushoto mtu akitaja ukungu anajua anachokisema. Mwezi wa saba ukungu unashuka kutoka msitu wa Magamba asubuhi, nawe huoni mti unapoishia wala mbingu inapoanzia. Ndicho kilichompata kinyonga yule.

Picha ya kompyuta ni shamba la vipande vidogo vya rangi viitwavyo pikseli. Kiingereza chenyewe kililiunda neno hilo kwa kuunganisha vipande vya maneno mawili, picha na elementi. Lilianza kuonekana kwenye machapisho mwaka 1965, katika maandishi ya Fred Billingsley, aliyeshughulikia picha za vyombo vya anga huko Marekani. Sisi tumelipokea kwa matamshi yetu, na limekaa vizuri. Tatizo letu liko kwenye maneno yanayolizunguka.

Kinyonga wetu ana pikseli 1,024. Ukimkuza hadi 1,024 kwa 1,024, anahitaji zaidi ya milioni moja. Hizo nyingine zitoke wapi? Programu haina budi kuzijaza, na namna inavyozijaza ndiyo habari yote. Kwa kawaida, usipoiambia kitu, inachanganya: penye kijani upande huu na nyeupe upande ule, katikati inaweka kijani kilichopauka, kisha kilichopauka zaidi. Picha ya maporomoko ya Soni iliyopigwa kwa kamera inapendeza ikikuzwa hivyo, kwa sababu maji na majani hayana mipaka mikali. Mchoro wa miraba hauwezi kustahimili. Mpaka ndio mchoro wenyewe, ukiulainisha umeufuta.

Njia ya pili haichanganyi chochote. Kila nafasi mpya inatazama ni pikseli gani ya zamani iliyo karibu nayo kuliko zote, inachukua rangi yake kama ilivyo, basi. Msukaji wa mikeka kule Tanga anaielewa bila kufundishwa: akitaka nakshi kubwa mara mbili, kila kipande cha zambarau kinakuwa viwili kwa upana na viwili kwa urefu. Hakuna kipande cha nusu zambarau.

Kiingereza kinaiita "Nearest Neighbor", na ndivyo ilivyoandikwa ndani ya programu ya Photoshop. GIMP imeandika "None", yaani hakuna, jina lisilomwambia mtumiaji chochote. Ukitafsiri kwa kufuata vitabu vya hisabati utapata "ukadiriaji wa jirani wa karibu zaidi". Nina ugomvi na tafsiri hiyo, na ugomvi wenyewe si wa urefu tu.

Kukadiria ni kukisia kwa kutumia unachokijua. Njia ile ya kwanza, ya kuchanganya, ndiyo inayokadiria: inakisia kwamba kati ya kijani na nyeupe pana kijani hafifu. Hii ya pili haikisii. Inanakili. Tukiziita zote ukadiriaji tunaficha tofauti ambayo mtumiaji anaihitaji pale anapochagua.

Kwenye ramani tofauti hiyo huleta hasara kubwa kuliko ya fulana. Picha za setilaiti za Landsat, ambazo zimetumika miaka mingi kufuatilia misitu ya Usambara, zina pikseli za mita 30 kwa 30. Moja ni mita za mraba 900, chini kidogo ya robo ekari. Tuseme mchoraji ramani ameipa kila pikseli namba: 1 ni msitu, 2 ni chai, 3 ni shamba la mahindi na mboga. Sasa anataka kuilinganisha ramani hiyo na picha ya setilaiti ya Sentinel-2, yenye pikseli za mita 10, hivyo kila pikseli moja ya Landsat lazima igawike tisa. Akiiachia kompyuta ichanganye, itafanya nini pale msitu wa Magamba unapopakana na shamba la mahindi? Itachukua 1 na 3, itapata 2. Pembeni mwa msitu utaota mstari wa chai ambayo hakuna mtu aliyeipanda, kilomita nyingi kutoka chai ya Mponde. Namba hizo ni majina tu, na majina hayana wastani. Akinakili jirani, msitu unabaki msitu na mahindi yanabaki mahindi, kwenye mpaka uleule.

Kwa hiyo napendekeza "Nakili Jirani". Kitenzi kinasema kinachotendeka. "Karibu zaidi" nimeliacha kwa sababu jirani wa Kiswahili tayari ni aliye karibu. Maneno mawili yanatosha kwenye menyu ya simu, na atakayetaka jina la njia aseme "unakili wa jirani". Ile nyingine iitwe "Changanya Jirani", ili mtumiaji azione zimekaa sambamba na aone zinapoachana.

Na zile kingo zinazobaki zimekatika vizuri? Wengi wataandika "kingo kali". Ukali wa Kiswahili ni wa kisu, wa jua na wa mbwa. Ninalipenda zaidi "bayana": kingo bayana, zinazoonekana wazi zinapoanza na zinapokoma. Kinyume chake watu wameshakisema wenyewe pale steshenari, nacho ni ukungu. Istilahi hiyo haihitaji kamati.

Atakayejaribu leo ajue mambo mawili. Akuze kwa namba kamili, mara 2, mara 3, mara 32. Akikuza mara moja na nusu, baadhi ya pikseli zitakuwa mbili na nyingine zitabaki moja, na pembe moja ya kinyonga itakuwa nene kuliko mwenzake. Kisha ahifadhi kwa muundo wa PNG. JPEG huacha vumbi kandokando ya kila mpaka, hata kama umenakili jirani kwa uangalifu.

Mwaka 2006 wanasayansi walipoliundia jina kundi la kinyonga wa milima ya Afrika Mashariki, akiwamo huyu wa pembe mbili wa Usambara Magharibi, walichukua neno la Kiswahili: Kinyongia. Hawakuona kwamba lugha yetu haitoshi. Nanyi mnaotafsiri programu za picha, mkifika kwenye menyu ya kukuza, msiiache ikisomeka "None". Andikeni Nakili Jirani.