Elimu ya Maji ya Usangu

Msafiri atokaye Mbeya kwenda Iringa kwa barabara kuu, akifika Igurusi na Chimala, huona upande wake wa kushoto nchi tambarare isiyo na mwisho wa macho. Hiyo ndiyo Usangu. Mito ya Chimala, Kimani na Mbarali yashuka kutoka milima ya kusini, yaingia tambarareni na kujiunga na Ruaha Mkuu. Nao Ruaha hupita katika bonde oevu la Ihefu, kisha huingia nchi ya Iringa, katika hifadhi ya wanyama, hata kufika bwawa la Mtera. Basi maji yachukuliwayo Mbeya yasirudishwe mtoni ni maji yasiyofika Iringa.

Nyanda zetu hazina chuo kikuu cha umwagiliaji peke yake. Elimu hiyo hufundishwa Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichopewa jina hilo mwaka 1984, nacho asili yake ni chuo cha kilimo cha mwaka 1965. Na hapa Igurusi kiko chuo cha wizara ya kilimo, ambapo vijana hujifunza kazi ya mifereji. Lakini shule ya kwanza ilikuwa mashamba yenyewe. Katika miaka ya 1930 na 1940 Mabulushi waliohamia Usangu walilima mpunga kwa maji ya mifereji. Watu wengine wakaona, wakaiga. Banio la siku zile lilikuwa mawe, magogo, matawi na udongo. Lilivuja mchana na usiku, na mto ulipofurika lilichukuliwa, wenye mfereji wakakusanyika kulijenga tena.

Ndipo walipokuja wahandisi. Katika miaka ya 1970 shamba la serikali la Mbarali lilijengwa kwa msaada wa Wachina, hekta zipatazo 3,200. Mwisho wa miaka ya 1980 likaanzwa la Kapunga, hekta 3,000 hivi. Wakulima wadogo nao wakajengewa mabanio ya saruji yenye milango ya chuma. Sisi tuliosoma tulisifu sana, maana kuvuja kulikuwa kumekoma, na majaruba yaliongezeka hata kufika hekta 40,000 katika miaka ya mvua njema. Mwaka 1993 Ruaha Mkuu ukakauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi, na viboko wakasongamana katika madimbwi ya tope. Kiangazi baada ya kiangazi ukakauka tena.

Wengine waliwalaumu wafugaji, na katika mwaka 2006 na 2007 ng'ombe wengi waliondolewa Usangu kwa nguvu. Kabla ya hapo, mwaka 2001, Waziri Mkuu Sumaye alikuwa ameahidi kwamba kufikia 2010 mto ungetiririka mwaka mzima. Mwaka 2010 ulipita, na mto ukaendelea kukauka.

Walimu wa Sokoine, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha East Anglia cha Uingereza, walikuwa wakiyachungua mabanio hayo tangu mwanzo wa karne hii. Waliona jambo ambalo sisi hatukulifikiri: maji yaliyovuja katika banio la matawi hayakupotea, yalikuwa fungu la watu wa chini. Banio la saruji laweza kuuchukua mto wote wa kiangazi. Tulichokiita upotevu kilikuwa mgawo.

Kwa hiyo elimu ikarudi kwa wakulima kwa njia ya mchezo. Huletwa ubao ulioinamishwa, wenye mfereji mmoja mkubwa na midogo pembeni. Maji ni gololi, na wachezaji huweka vijiti kuzielekeza mashambani mwao. Tungependa kila shule iwe na ubao huo, maana hesabu yake haihitaji kalamu. Walio juu hujaza mashimo yao upesi. Walio chini huziangalia gololi zikiisha kabla ya kuwafikia. Hapo huanza maneno, wakati mwingine makali, kisha watu huketi kushauriana zamu: nani afunge banio lake, na kwa siku ngapi.