Pingamizi Lisilozuia: Mitala, Bi Mkubwa na Kifungu cha 41

Machi 2014, wabunge wanawake wa Kenya walitoka bungeni kwa hasira. Wenzao wanaume walikuwa wamekifuta, katika muswada wa Sheria ya Ndoa, kipengele cha kumtaka mume apate ridhaa ya mke aliye naye kabla ya kuoa mwingine. Mwezi uliofuata Rais Uhuru Kenyatta akautia saini. Tangu hapo wapo wanaoitaja Tanzania kuwa jirani mwenye busara zaidi, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya 1971 ilikwisha kumpa bi mkubwa sauti miaka 43 kabla ya wa Kenya kunyimwa yake. Makala hii inaikataa sifa hiyo.

Yasiyo na ubishi tuyapite upesi. Kifungu cha 10 cha sheria hiyo ya Tanzania kinatambua ndoa ya mke mmoja na ndoa ya wake wengi, na kinaihesabu ndoa ya Kiislamu au ya kimila kuwa ya wake wengi, au inayoweza kuwa hivyo, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Anayeuliza leo kama mitala ihalalishwe amechelewa nusu karne.

Sifa yenyewe imejengwa juu ya kifungu cha 20. Hapo mke anaruhusiwa kuweka pingamizi kwa hoja kwamba, kwa kipato cha mume, mke mwingine atawatia dhiki waliopo na watoto wao. Au kwamba anayeposwa anajulikana kwa tabia mbaya, ana maradhi ya kuambukiza, au ataleta mfarakano mkubwa nyumbani. Wengi huishia hapo. Mbele kidogo kuna kifungu cha 41, nacho hakitajwi sana na wasifiaji. Kinasema ndoa iliyotimiza masharti mengine ni halali hata kama notisi ya siku 21 haikutolewa, hata kama haikusajiliwa, na hata kama pingamizi liliwekwa likawa bado halijaamuliwa. Cha kuibatilisha, kwa kifungu cha 38, ni amri ya kuizuia iliyokwisha kutolewa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mke anadokezwa na shoga yake Jumatano jioni kwamba mumewe anaoa Ijumaa baada ya swala. Alhamisi anapeleka pingamizi kwa msajili, limeandikwa vizuri, na hoja ya kipato imo. Ijumaa ndoa inafungwa, wali unaliwa. Wiki ijayo, shauri likifika kusikilizwa, hakuna tena ndoa inayokusudiwa. Kuna mke wa pili, halali kabisa. Haki ya bi mkubwa imegeuzwa mbio, na filimbi ya kuanzia ameishika mume, ambaye hata notisi hakuitoa.

Watetezi watajibu kwamba kifungu cha 41 kinamlinda bi mdogo, aliyeolewa kwa nia njema, pamoja na wanawe. Nakubali, na kwangu hilo ndilo linalouangusha mjadala wote wa ridhaa. Afrika Kusini imelionja. Sheria yake ya 1998 ya ndoa za kimila inamtaka mume apeleke mahakamani mkataba wa mali kabla ya kuongeza mke; mwaka 2012 Mahakama ya Rufani ilikataa kuibatilisha ndoa kwa sababu tu mkataba haukuwepo. Mwaka uliofuata, katika shauri hilohilo, Mahakama ya Katiba ilipita njia nyingine: kwa mila za Watsonga, ridhaa ya mke wa kwanza ni sharti. Ndoa ya pili ikaanguka, na aliyetoka mikono mitupu akawa mwanamke mwingine, huku kosa likiwa la marehemu mume.

Nadai kwamba ulinzi uhamishwe kutoka mlango wa ndoa kwenda kwenye daftari la mali. Na hapa, ajabu, Kenya ndiyo iliyotangulia. Sheria yake ya Mali ya Ndoa ya 2013, kifungu cha 8, inaeleza kwamba ndoa ya mitala ikivunjika, mali waliyochuma mume na mke wa kwanza kabla ya wa pili kuolewa hubaki yao wawili tu, sawa kwa sawa. Tarehe ya harusi ya pili inakuwa mstari wa hesabu. Kifungu cha 114 cha kwetu hakina mstari huo. Kinazungumzia juhudi za pamoja na mchango wa kila mmoja, na shauri la Bi Hawa Mohamed la 1983 liliingiza humo kazi za nyumbani, hatua kubwa. Lakini hakiulizi kilichumwa kabla ya mke yupi.

Kenya nayo inaharibu kwenye mirathi. Mume asiye Mwislamu akifa bila wosia, kifungu cha 40 cha Sheria ya Urithi hugawa kwa nyumba, kwa idadi ya watoto, kila mjane akihesabiwa kichwa kimoja. Ekari 10, bi mkubwa na watoto wawili, bi mdogo na watoto sita: 3 kwa 7, hata kama shamba lilifyekwa kabla bi mdogo hajajulikana.

Baadhi ya masheikh watasema mali ya mume Mwislamu ni yake, wala haina ubia. Sawa, ya mke pia ni yake, na tarehe ingesaidia kuitambua, bila kugusa nguzo yoyote ya nikaha.

Pengine hesabu hiyo ingefaa hata kwa nyumba ntobhu ya Wakurya wa Mara, ambamo mwanamke humwoa mwanamke ili apate warithi. Kifungu cha 9 hakiitambui, kwa kuwa kinataka mwanamume na mwanamke. Lakini Mahakama Kuu ya Mombasa ilipoikubali ndoa ya namna hiyo ya Wanandi mwaka 2011, shauri lililokuwa mezani lilikuwa la mirathi.