Ujiji ya Hollywood

Shuleni tulikaririshwa kwamba Stanley alimkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871. Sawa. Lakini kuna Ujiji nyingine, ile ya senema ya Stanley and Livingstone iliyotolewa na 20th Century-Fox mwaka 1939. Steringi wake, Spencer Tracy, aliyecheza kama Stanley, hakukanyaga Afrika kwa kazi hiyo!

Aliyekuja ni Otto Brower na kikosi cha pili cha wapiga picha. Walizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika wakipiga mbuga, wanyama na misafara ya wapagazi. Mbele ya msafara walimweka Stanley wa bandia, mtu wa kuonekana kwa mbali tu. Kisha mikanda ikasafiri hadi Hollywood.

Huko kila kipande kilikwenda njia yake. Cha mbali kilikwenda moja kwa moja kwa mkataji, yule fundi wa kuunganisha vipande. Cha mandhari kiliwekwa kwenye projekta nyuma ya pazia kubwa linalopitisha mwanga. Tracy akasimama mbele ya pazia, anapangusa jasho la studio, na kamera inampiga yeye na Afrika iliyo mgongoni mwake kwa pamoja. Ujanja ulikuwa hapa: kamera na projekta zilifungamanishwa ili zifumbue jicho kwa wakati mmoja. Zikipishana kidogo tu, pazia linapepesa na uongo unaumbuka. Hata zikienda sawa, mandhari hufifia kidogo, maana imepigwa picha mara mbili.

Siku hizi ni kitambaa cha kijani na kompyuta, ila safari ni ileile: mpiga kamera, mkataji, fundi wa mandhari, halafu kwa mkataji tena.

Mimi naona njia hiyo ndiyo iliyoamua nani awe na sura. Aliyepigwa huku kwetu alibaki nyuma ya pazia pamoja na twiga. Mbele walisimama Tracy na Cedric Hardwicke, Livingstone wake, na wawili hao walikutania Marekani. Wakati Stanley mwenyewe aliandika kwamba mmoja wa watu wa kwanza kumlaki Ujiji, tena kwa Kiingereza, alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone. Katika riwaya ninayoiandika (haijaisha, msinicheke) Susi ndiye steringi. Stanley nimemweka mbali, nyuma ya vumbi la msafara.